SUFURIA YA NYUMBANI
Musaka bila kuogelea ndani ya mafuta



Juma hili kikundi kimoja cha hapa karibu na bandari kimetuma ulizo. Mama mmoja wa kikundi hicho ana mume ambaye kwenye kituo cha afya walimpima, wakakuta tansio imepanda. Munganga akasema: punguza chumvi, punguza mafuta, kula mboga zaidi. Mama huyo ana binti aliyefanya kazi ya kupika Bujumbura, kwenye nyumba walimopenda chakula cha Wagiriki. Binti akamwambia mama yake: «Chakula cha Wagiriki ndicho kinachosifiwa dunia nzima kwa moyo na mishipa, nitawapikia musaka.» Akapika. Biringanya zilikunywa mafuta karibu nusu ya chupa, juu yake zikawekwa siagi, unga na maziwa. Baba alifurahi sana, akaongeza sahani. Sasa mama anauliza: je, hiki ni chakula cha kumponya mume wangu ao cha kumumaliza?

Ni ulizo zuri, tena halimhusu baba huyo peke yake. Niliongea na wamama wengine watano, na katika nyumba tatu kati ya hizo kuna mtu wa tansio ao wa sukari. Kwa hiyo leo ukurasa wote ni wa jambo hili.

Kwanza niseme kwamba Wagiriki si watu wa mbali kwetu sisi wa ziwa. Wazee wetu wanawakumbuka kama wafanyabiashara, wenye maduka na malori, huku Kongo na kule ng'ambo pia. Tena mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati Bujumbura ilikuwa bado inaitwa Usumbura, ni wavuvi Wagiriki walioanzisha kwenye sehemu hii ya kaskazini uvuvi wa nyavu kubwa za kuzungusha, wenye meli moja kubwa na mitumbwi ya taa ya kuita samaki usiku. Walivua ndagala na mukeke, samaki walewale tunaowapigania bei asubuhi. Kazi hiyo ilififia huku kaskazini katika miaka ya 1990, samaki walipopungua. Watu wetu waliingia kwenye meli zao na kwenye jiko zao pia, ndiyo sababu leo unaweza kumkuta mzee mwanaume anayejua kupika samaki kwa nyanya na ndimu kuliko bibi yake.

Sasa tuje kwenye sifa yenyewe. Habari ya kwamba Wagiriki wanakula vizuri haikutoka kwenye hoteli. Ilitoka kwenye kisiwa cha Krete, kijijini, kwa watu maskini waliokuwa wametoka tu katika vita. Mwaka 1948 wachunguzi kutoka Marekani walifika huko kutazama watu wanaishi na kula namna gani. Kisha, kuanzia 1958, mtaalamu mmoja wa Marekani, Ancel Keys, pamoja na wenzake, walianza kufuata afya ya wanaume wa nchi saba, miaka na miaka. Wanaume wa Krete walionekana kufa kwa ugonjwa wa moyo kidogo sana kuliko wenzao wa Marekani na Finland. Na walikuwa wanakula nini? Mboga za porini zilizochemshwa, maharage na dengu, mkate mweusi, matunda, samaki mara moja moja, nyama kidogo sana, na mafuta ya zeituni. Tena walitembea kwa miguu na kulima kutwa. Kanisa lao la Orthodoksi lina siku nyingi za kufunga, karibu nusu ya mwaka ukizihesabu zote, na siku hizo nyama, maziwa na mayai haviguswi.

Kuna kitu kimoja katika habari hiyo ambacho kilinichekesha. Wakati wachunguzi wale waliuliza watu wa Krete ni chakula gani wangependa zaidi, wengi walitaja nyama! Watu ambao dunia ingekuja kuwaiga walikuwa wanaona chakula chao ni cha shida. Wamama, si sauti hiyohiyo tunayoisikia kwetu? Mgeni akija unaficha lengalenga na maharage, unakimbia kukopa pesa za nyama, halafu unaomba radhi.

Tuseme sasa juu ya musaka. Ule mfuniko mzito wa juu, wa siagi, unga na maziwa, Wafaransa wanauita beshameli, na kweli ulitoka kwa Wafaransa. Aliyeuingiza ndani ya musaka ni mpishi Mgiriki mmoja, Nikolaos Tselementes, aliyekufa mwaka 1958. Alikuwa anapenda mapishi ya Kifaransa, na kitabu chake cha mapishi kilienea Ugiriki hata jina lake likawa ndilo neno la kuitia kitabu chochote cha kupika. Kabla yake musaka ilikuwa biringanya, nyanya, vitunguu na nyama kidogo. Kwa hiyo mama unayeondoa ule mfuniko huharibu chakula cha watu. Unakirudisha nyuma miaka mia moja tu.

Mafuta nayo yana hila yake. Biringanya ni kama sifongo: ukiitia kwenye mafuta ya moto itakunywa, ukiongeza itakunywa tena, na utayala yote. Basi usiikaange. Kata biringanya nne kubwa vipande vya unene wa kidole, pakaza mafuta kidogo kwa mkono ao kwa jani la kitunguu, choma juu ya waya kwenye mbabula mpaka zilegee na kupata alama za moto. Kwa kazi hiyo yote vijiko viwili vikubwa vya mafuta vinatosha. Moshi wa makala utaipa utamu ambao mafuta hayawezi kuipa.

Pembeni weka kijiko kimoja cha mafuta ndani ya sufuria, vitunguu vitatu, kitunguu saumu, karoti moja iliyokwaruzwa, nyanya sita zilizoiva sana. Acha zichemke mpaka maji yapungue. Ukiwa na nyama ya kusaga, tia robo kilo tu. Ukiwa huna, ao siku ambayo baba wa tansio ndiye anayepikiwa, tia vikombe viwili vya maharage yaliyoiva, ponda nusu yake. Nimejaribu kwa watu wanane na hakuna aliyeuliza nyama iko wapi, isipokuwa shemeji yangu, na yeye huuliza nyama hata kwenye chai.

Panga sasa: biringanya chini, mchuzi mzito katikati, biringanya juu. Mfuniko wetu utakuwa wa mashanza. Chuja vikombe viwili vya mashanza ndani ya kitambaa safi kwa saa moja, yale maji yatoke, kisha piga pamoja na yai moja na vijiko viwili vya unga wa ngano (unga huo ndio unaozuia maziwa kukatika). Pakaza juu. Funika sufuria, punguza makala ya chini, weka mengine juu ya kifuniko kama tunavyofanya tukioka keki. Nusu saa na zaidi kidogo. Acha ipoe kabla ya kukata, la sivyo itamwagika kama uji. Ni kwa watu sita ao saba, pamoja na bugali ndogo ao viazi vya kuchemsha.

Mashanza itoke kwenye maziwa yaliyochemshwa kabla ya kugandishwa. Najua wazee wanasema maziwa ya kuchemshwa hayana ladha. Lakini maziwa mabichi yanaweza kuleta homa ya ng'ombe, ile ya kurudi-rudi inayouma viungo, na kifua kikuu cha ng'ombe pia. Kupikwa juu ya musaka kunasaidia. Yale ya kunywa na ya watoto ndiyo ya kuangalia sana.

Wengine wataniambia: mbona hujataja salata ya Wagiriki, ile ya nyanya mbichi, matango na fromaji nyeupe, ambayo ndiyo maarufu? Nimeiacha nyuma kwa makusudi. Hapa kwetu kolera inarudi-rudi, na miaka hii ambayo ziwa limepanda na kuingia mpaka kwenye nyumba na vyoo vya kandokando, kuosha mboga kwa maji ya ziwa na kuila mbichi ni kucheza na watoto wa watu. Mtu wa Athene anafungua bomba na kuosha tango lake. Wewe unajua maji yako yalitoka wapi. Ukitaka salata, menya tango na nyanya, osha kwa maji yaliyochemshwa ao yaliyotiwa dawa ya klorini na kuachwa nusu saa, kisu na kibao pia, na mikono kwa sabuni. Usitegemee ndimu peke yake kwamba itaua kila kitu. Wakati kolera imetangazwa kwenye mtaa, acha salata kabisa.

Habari njema ni kwamba watu wa Krete wenyewe hawakuishi kwa salata mbichi. Chakula chao cha kila siku kinaitwa horta, nayo ni mboga za majani zilizochemshwa, zikakamuliwa maji, zikanyunyiziwa mafuta na ndimu. Basi! Lengalenga inafaa kabisa, matembele pia, hata majani ya maboga. Chemsha maji kwanza, ndipo tia mboga, dakika tano ao saba, itoke ingali na rangi yake. Tazama jambo hili: mafuta yanawekwa mwisho, juu ya sahani, hayakaangwi. Kijiko kimoja kwa sahani ya watu wawili kinaonekana na kinasikika mdomoni, lakini vijiko vinne ndani ya sufuria ya kukaangia vinapotea na bado unasema chakula ni kikavu. Ndimu nayo si mapambo. Inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo ndani ya majani na maharage, na mama mwenye mimba anajua damu yake inahitaji nini. Chai nyeusi wakati wa chakula inafanya kinyume, kwa hiyo iache mpaka saa moja ao mbili zipite.

Mafuta gani sasa? Zeituni inapatikana kwa shida na kwa bei ya harusi. Mama asiuze kuku kwa ajili ya chupa ile. Mafuta yetu ya mawese, mekundu, yana vitamini A nyingi, yanasaidia macho na ngozi ya watoto, lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina ile inayoganda, ambayo kwa mtu wa moyo na tansio yanatakiwa kuwa kidogo. Kidogo, sikusema yasiwepo. Tena mtindo wa kuyachoma mpaka yawe meupe na kutoa moshi unaua ile vitamini ambayo ndiyo sababu ya kuyala. Kwa mchuzi wa mtu mgonjwa tumia mafuta ya soya, alizeti ao karanga, kwa kijiko na si kwa kumimina.

Lakini kuna mti ambao Wagiriki wa Krete wangetuonea wivu: avoka. Mafuta yaliyo ndani ya avoka yanafanana sana na ya zeituni. Ponda nusu ya avoka na ndimu, kitunguu saumu kidogo na chembe ya chumvi, weka juu ya lengalenga badala ya mafuta. Hapo umekula Krete bila kupita forodha.

Samaki wao wa kuoka wanamwita plaki. Kwetu tumezoea mukeke wa kukaangwa, akiogelea ndani ya mafuta ambayo jana yalikaanga ndagala na juzi mandazi. Mafuta yaliyotumika mara nyingi hivyo yanaharibika. Badala yake tandika chini ya sufuria vitunguu viwili na nyanya nne zilizokatwa, seleri na majani yake, kitunguu saumu. Laza juu yake mikeke mitatu ao minne iliyosafishwa na kupakwa ndimu, funika kwa nyanya nyingine, nyunyiza vijiko viwili vya mafuta. Hakuna maji, nyanya zitatoa yake. Makala chini na juu, dakika thelathini. Kuhe anakubali vilevile. Na ndagala mbichi, ambazo ni ndugu wa samaki wadogo wanaokaangwa kule kwenye pwani za Ugiriki, zipange nyingi ndani ya sahani ya bati na ndimu na mafuta kidogo, zioke hivyohivyo, zile nzima na mifupa yake.

Siku za mwezi mpevu, wavuvi wanapopumzisha taa na mukeke anakuwa wa matajiri, pika fasolada. Ni supu ya maharage ambayo Wagiriki wengi wanaiita chakula cha taifa lao. Loweka maharage usiku, mwaga maji, chemsha upya mpaka yakaribie kuiva, ndipo tia karoti, seleri, kitunguu na nyanya. Mafuta, vijiko viwili ao vitatu kwa sufuria ya watu sita, yanaingia mwisho kabisa moto ukiwa umezimwa. Chumvi vilevile mwisho.

Kwa chumvi nitakuwa mkali kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, ni kama kijiko kidogo kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha ndani ya mkate na vingine. Sasa hesabu kube tunazotupa kwenye sufuria. Kube kwa sehemu kubwa ni chumvi, na sisi tunaweka mbili, tatu, halafu tunaonja na kuongeza chumvi juu yake. Wagiriki nao wana dhambi yao: fromaji yao nyeupe inakaa ndani ya maji ya chumvi, na zeituni pia. Ni kama makayabu yetu. Vyote hivyo vinalowekwa usiku kucha na maji kubadilishwa mara mbili. Kama unatia makayabu, basi kube isiingie. Ndimu, kitunguu saumu, seleri na pilipili vinafanya ulimi usahau chumvi, lakini si siku ya kwanza. Punguza kidogo kidogo kwa majuma matatu na watu wa nyumba hawatatambua. Ukiikata yote jumatatu, jumanne baba atakwenda kula kwenye malewa, na huko hakuna anayehesabu.

Wamama wengi wananiambia wanapika sufuria mbili, moja ya mgonjwa na moja ya wengine. Makala yenyewe ni ghali, na yule mgonjwa anajiona amefungwa gereza. Vyakula hivi ni vya sufuria moja. Anayetaka chumvi zaidi aongeze kwenye sahani yake.

Mtoto mdogo ndiye peke yake wa kutendewa tofauti, na hapa naomba msome polepole. Mtoto wa miezi sita mpaka miaka miwili hapunguziwi mafuta. Tumbo lake ni dogo, na mwili na ubongo vinajengwa. Kwenye uji ao fasolada yake iliyopondwa ongeza kijiko kidogo cha mawese mekundu yasiyochomwa, na ndagala kavu zilizosagwa kuwa unga. Chumvi yeye haihitaji. Ukikuta miguu yake imevimba, nywele zimebadilika rangi, ao mkono umekonda, usijaribu mapishi yoyote ya ukurasa huu, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Na kwa baba wa tansio: chakula hakichukui nafasi ya kidonge. Kuna watu wanaokula mboga majuma mawili, wanajisikia vizuri, wanatupa dawa. Tansio haiumi, ndiyo ubaya wake. Aendelee na dawa, apimwe tena, na munganga ndiye atakayesema kama kipimo cha dawa kitapungua.

Kwa hiyo, mama uliyeuliza, mwache binti yako apike. Mwambie tu kwamba biringanya ziende kwenye waya, siagi ibaki dukani, na mashanza ichukue nafasi yake. Kama hapendi, aandike hapa, tutamjibu kwa heshima.

Juma lijalo tutaongea juu ya sombe: namna ya kuipika bila kuizamisha ndani ya mawese, na kwa nini kuitwanga na kuichemsha sana si jambo la kuruka. Kikundi chenye namna yake ya kuipika kitume karatasi kabla ya siku ya alhamisi.